Bafu si la Kutazamwa na Wageni



Leo nataka tuzungumze habari ya jambo ambalo wengi wetu huona haya kulitaja mbele za watu, nalo ni mahali pa kuogea nyumbani. Najua wengine watasema, "Je, karani wa parokia amekosa la kuandika? Kazi yake ni daftari la ubatizo na vyeti vya ndoa. Mambo ya bafu yanamhusu nini?" Nisameheni. Yananihusu sana, maana kosa nitakalowaeleza nimelifanya mwenyewe, kwa mikono yangu, na aliyeumia ni mama yangu mzazi.

Ukipita katika vijiji vyetu vya Karatu, tangu Rhotia hata Oldeani, utaona nyumba nzuri za tofali za kuchoma, na bati zinang'aa. Ukikaribishwa ndani utakuta makochi yenye vitambaa vilivyofumwa kwa mkono, picha ukutani, na meza imefunikwa vizuri. Haya, sasa zunguka nyuma ya nyumba. Utakuta nini? Miti minne imesimikwa, magunia yamezungushwa, na chini limewekwa jiwe bapa. Hilo ndilo bafu. Halina paa wala mlango, na upepo wa Juni ukivuma, magunia yanapepea na mwenye kuoga anashika gunia kwa mkono mmoja na sabuni kwa mkono wa pili. Mwenye nyumba haoni neno, maana mgeni hafiki huko. Mgeni hukaa sebuleni.

Kwangu kulikuwa hivyo hivyo kwa miaka minane.

Mama yangu ana miaka 72, naye anakaa nasi tangu baba alipofariki. Siku moja wakati wa masika alitoka jioni kwenda kuoga. Ninyi mnaujua udongo wetu mwekundu. Ukiwa mkavu ni vumbi, na ukilowa ni sabuni. Mama alikanyaga lile jiwe lenye povu na tope, akaanguka juu ya mkono wake. Alivunjika mfupa karibu na kiganja, akakaa na plasta majuma sita. Watu walipokuja kumpa pole walisema, "Mama, kuteleza si kuanguka." Ni methali nzuri, lakini si kwa mifupa ya mzee. Kwa mtu wa miaka 72 kuteleza na kuanguka ni jambo moja.

Jambo lililoniumiza zaidi nililigundua baadaye. Mke wangu aliniambia, "Mama haogi siku hizi. Anajipangusa chumbani kwa kitambaa na maji ya beseni, tena usiku, kusudi watoto wasimwone." Nikauliza kwa nini sikuambiwa mapema. Akanitazama, akasema, "Mimi nilikuomba bafu nilipojifungua mtoto wetu wa kwanza. Sasa yuko darasa la tatu." Sikuwa na la kujibu. Nilitoka nje nikajifanya ninatazama ng'ombe.

Kosa la fundi mwenye majivuno

Basi nikaamua kujenga bafu la kweli. Fedha ya kumlipa fundi kwa kazi yote sikuwa nayo, lakini kuta tatu za tofali zilikuwapo tayari, za banda la zamani lililoungana na choo chetu. Nikanunua saruji, nikaomba karai na mwiko kwa jirani, nikaanza kazi siku za Jumamosi. Nikamaliza ukuta wa nne, nikaezeka bati mbili, nikamwaga sakafu. Juu yake nikapiga niru, ile saruji tupu inayosuguliwa kwa mwiko mpaka ing'ae. Nilisugua mpaka nikaona uso wangu sakafuni. Majirani wakaja kutazama, wakanisifu. Mmoja akasema hata sebule yake haina sakafu kama ile. Moyo wangu ukajaa kiburi.

Siku ya kwanza mama aliyoingia kuoga, hata ndoo haikufika nusu. Tukasikia kishindo. Safari hii hakuvunjika, bali aliumia goti na kiuno. Tukamnyanyua, tukamfunika khanga, tukamketisha juani. Baada ya muda akaniambia kwa upole, "Mwanangu, sakafu yako ni nzuri sana. Nitakuwa nakuja kuitazama. Lakini kuoga nitaoga pale pale penye jiwe langu."

Ndugu wasomaji, hata leo nikikumbuka maneno hayo nasikia aibu. Sakafu ile sikumtengenezea mama. Niliwatengenezea majirani wanaokuja kutazama. Tena haikuwa ya kuteleza tu, kwani maji yalikuwa yakituama pembeni chini ya ukuta, maana mteremko niliukadiria kwa macho.

Chuo cha ualimu kilinifundisha kwamba mwalimu haingii darasani bila andalio la somo, na mstari wa kwanza wa andalio si somo lenyewe, ila ni wanafunzi: ni akina nani, wana umri gani, wanaweza nini. Mimi niliingia kwenye bafu bila andalio. Nikachukua daftari, nikaandika majina ya watu wote wa nyumbani mwangu. Mama, ambaye goti halikunji na mkono mmoja hauna nguvu. Mke wangu, ambaye ndiye anayebeba ndoo. Mtoto wa miaka mitatu. Mtoto wa darasa la tatu. Mwisho mimi. Nikaona kwamba mtu pekee ambaye lile bafu langu lilimfaa alikuwa mimi, na mimi ningeweza kuoga hata mtoni.

Kwa hiyo nikaanza upya. Nitawaeleza niliyoyafanya, kusudi mwenye kutaka kutengeneza bafu lake asilipe ada niliyolipa mimi.

Sakafu

Bafu langu lina upana wa mita moja na nusu na urefu wa mita mbili. Si kubwa, lakini mtu anaweza kuketi na mwingine akasimama kumsaidia. Msilifanye dogo kuliko hapo ikiwa nyumbani kuna mzee, maana siku moja atahitaji kusaidiwa.

Ukianza pasipo na kitu, ondoa udongo laini wa juu, panga mawe, shindilia vizuri, ndipo umwage zege. Vipimo ni ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga na tatu za kokoto. Unene wa sentimita nane watosha. Mchanga uwe safi. Ukiufikicha mkononi ukaacha tope, uoshe kwanza au utafute mwingine. Maji yasizidi. Wengi wetu twapenda zege liwe kama uji kwa sababu ni rahisi kulitandaza, lakini zege la uji likikauka hupasuka na huwa dhaifu. Liwe zito, ukilifinyanga lishikamane.

Mteremko usikadiriwe kwa macho. Chukua bomba jembamba la plastiki linaloonyesha ndani, ulijaze maji, uhakikishe halina mapovu ya hewa. Maji ya ncha mbili za bomba husimama usawa mmoja siku zote, wala hayadanganyi. Weka alama ukutani pande zote kwa usawa huo, kisha pima kushuka chini kutoka kwenye alama. Kila mita moja ya sakafu ishuke sentimita mbili kuelekea tundu la kutolea maji. Kwa bafu langu la mita mbili, upande wa tundu uko chini kwa sentimita nne kuliko upande wa mlango. Zege lilipokauka nilimwita mwanangu wa darasa la tatu aje na gololi yake. Tukaiweka kila pembe tukaiachia. Popote iliposimama tulitia alama ya mkaa, nami nikajua pale pana shimo la kusawazisha kwa tabaka la juu.

Tabaka hilo la juu ni saruji ndoo moja kwa mchanga ndoo tatu, unene wa sentimita tatu hivi. Hapa ndipo penye siri yote. Usipige niru. Lisawazishe kwa ubao, na linapoanza kushika, kabla halijawa gumu, lipitishie fagio gumu likiacha mistari. Mistari ielekee kwenye tundu kusudi maji yafuate njia hiyo hiyo. Sakafu ya namna hii haing'ai, wala jirani hatakuja kuisifu, lakini mguu wenye sabuni unaishika.

Na yule aliyekwisha kupiga niru kama mimi afanye nini? Asikate tamaa. Nilichukua tindo na nyundo nikaidonoa sakafu yote, alama moja karibu na nyingine, mpaka ikawa kama uso wa jiwe la kusagia. Nikaifagia, nikailowesha, nikaipaka uji wa saruji, kisha kabla uji haujakauka nikamwaga tabaka jipya lenye mistari. Kazi ya kudonoa ilinichukua Jumamosi mbili, na mikono ikatoka malengelenge. Nilipokuwa nadonoa, mama aliketi mlangoni akichambua maharage. Hakusema neno.

Zege na plasta havipendi kukauka upesi. Yapasa vikae na unyevu siku saba. Kwetu maji ni ya taabu, hatuwezi kumwaga ndoo kwa ndoo. Nilichofanya ni kutandika yale magunia yaliyokuwa ukuta wa bafu la zamani, nikayalowesha asubuhi na jioni. Gunia hutunza maji, na ndoo moja ilitosha kwa siku. Hivyo magunia yale, kabla hayajastaafu, yalifanya kazi yao ya mwisho. Neno moja la hadhari: saruji mbichi hula ngozi. Vaa glovu za mpira, na ikikupata mwilini osha mara moja kwa maji mengi.

Ukuta wa ndani niliupiga plasta, saruji moja kwa mchanga minne, mpaka kimo cha mita moja na nusu. Huko juu maji hayafiki. Hesabu ya saruji yote, sakafu na plasta, ilikuwa mifuko minne ya kilo hamsini. Mimi nilitumia mitano. Huo wa tano ndio ada ya shule niliyowaambia.

Kishikio, benchi na mlango

Sasa nitawaeleza jambo nililojifunza kwa binti wa jirani. Kama mjuavyo, vijana wetu wengi wa Karatu hufanya kazi katika hoteli za watalii, hapa mjini na kule juu kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro. Binti huyu kazi yake ni kusafisha vyumba. Alipokuja kumjulia hali mama, akanichungulia nikidonoa sakafu, akasema, "Kaka, kule kwetu kazini bafu za wageni wazee zina chuma ukutani cha kushika. Kila siku mimi nakifuta kisibaki na madoa." Nikamwuliza, "Na nyumbani kwenu mnacho?" Akacheka, akasema, "Kwetu tuna magunia."

Nilitafakari sana jambo hilo. Watoto wetu wanajua bafu lifaalo linakuwaje. Wanaliosha kila siku kwa ajili ya mzee wa mtu mwingine aliyetoka ng'ambo, na jioni wanarudi nyumbani ambako bibi yao anaoga juu ya jiwe. Simlaumu mgeni, maana amelipa, wala simlaumu binti. Nasema tu kwamba ujuzi tunao tayari, kilichobaki ni kuuleta nyumbani.

Nikanunua kipande cha bomba la chuma la maji, lisilo jembamba wala la kujaza kiganja. Nikatoboa ukuta mahali pawili, kimo cha kiuno cha mama, nikapachika ncha zote mbili kwa zege, nikaliacha juma zima lisiguswe. Kisha nikajining'iniza mimi mwenyewe. Kishikio kisichoweza kumbeba mwanamume mzima msimpe mzee, maana atakitegemea, na kitakapong'oka ataanguka vibaya kuliko kama kisingekuwapo. Asiyeweza kununua bomba atumie mti mgumu uliokwanguliwa vizuri. Weka kimoja karibu na mlango na kingine karibu na mahali pa kuketi.

Mahali pa kuketi ni benchi la tofali lililojengwa kando ya ukuta, kimo cha sentimita 45, juu pamepigwa plasta na kuteremka kidogo mbele kusudi maji yasikae. Mzee haogi vizuri akiwa amechuchumaa, bali huoga akiwa ameketi. Kando ya benchi nikajenga kijukwaa cha ndoo, kusudi mama asiiname kuchota. Ndoo yenyewe inapandishwa na mke wangu au na mimi. Naona haya kusema kwamba zamani nilikuwa sijui ndoo ya maji ya kuoga ina uzito gani.

Mlango ufunguke kwa nje. Wengi huuweka ufunguke ndani, lakini mtu akianguka nyuma ya mlango unaofunguka ndani, mwili wake unauzuia, na ninyi mtasimama nje mkisukuma huku mkimwumiza. Kitasa kiwe cha namna ambayo mtu wa nje aweza kukiinua kwa kijiti akihitajika kuokoa. Mlangoni usiweke kizingiti kirefu cha kujikwaa. Weka kituta kidogo cha mviringo, ukipake chokaa nyeupe kionekane gizani. Acha tundu la hewa juu ya ukuta, na ukiweza weka kipande cha bati kinachopitisha mwanga. Tena pigilia misumari miwili ya kutundikia nguo, mmoja kimo cha mtu mzima na mwingine kimo cha mtoto.

Njia ya kutoka nyumbani hadi bafuni nayo ni sehemu ya bafu. Nimeitandika kokoto na mawe bapa, na nimefunga kamba kutoka nguzo ya baraza mpaka mlango wa bafu. Usiku wa mvua mama anaifuata kwa mkono.

Kwa kuwa choo chetu kiko ukuta mmoja na bafu, nilikishughulikia pia. Tundu la choo lenye upana wa sentimita kumi na nane latosha, wala mtoto hawezi kutumbukia. Kwa ajili ya mama nilitengeneza kiti cha mbao chenye tundu katikati, ambacho huwekwa juu wakati anapohitaji. Hakikugharimu kitu ila mabaki ya mbao na misumari.

Maji yaende wapi?

Bafu lisilo na mahali pa kupeleka maji machafu ni kuhamisha taabu tu. Msiyaelekeze katika shimo la choo, maana litajaa upesi na kuta zake zitabomoka. Wala msiyaache yatiririke kwa jirani. Udongo wetu ukipitiwa na maji mahali pamoja kila siku hukatika ukawa korongo. Chimba shimo la upana wa mita moja na kina cha mita moja na nusu, mbali na msingi wa nyumba, ulijaze mawe, makubwa chini na madogo juu, kisha ufunike. Maji yatanywea polepole. Au peleka maji kwa mfereji kwenye migomba, ukibadilisha mgomba mara kwa mara. Mwenye kisima afanye shughuli zote hizi, shimo la choo na shimo la mawe, mbali nacho hatua arobaini au zaidi, isipungue mita thelathini.

Faida ya kuyafanya haya si usafi wa nje tu. Katika nchi yetu hii kavu, na hasa kwa jirani zetu wafugaji wa Ngorongoro, ugonjwa wa vikope, yaani trakoma, umewapofusha watu wengi. Kope hujikunja ndani na kukwaruza jicho mpaka giza liingie. Ugonjwa huu huenezwa kwa mikono, kwa vitambaa vya kufutia uso, na kwa nzi wanaotua machoni pa watoto. Nzi hao huzaliana hasa katika kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi juu ya ardhi. Basi familia yenye choo kinachotumiwa na watu wote, na yenye desturi ya kunawisha watoto nyuso, inalinda macho. Najua jirani zetu walio ndani ya hifadhi, ile iliyoanzishwa mwaka 1959, hawawezi kujenga kwa saruji kama apendavyo mtu wa Karatu, na maji huyafuata mbali. Lakini kunawa uso hakuhitaji ndoo. Kibuyu chirizi, yaani kidumu kilichotobolewa na kufungwa kamba ya kukanyagia, hunawisha watoto kadhaa kwa maji ya chupa moja.

Neno la mwisho katika fungu hili ni juu ya moto. Karatu kuna baridi, na huko juu Ngorongoro ndiyo zaidi, nasi twapenda kumwogesha mzee au mtoto mchanga penye joto. Jihadharini sana! Msiingize jiko la mkaa bafuni mkafunga mlango. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtu huona usingizi tu, na huo usingizi hauna kuamka. Pasheni maji nje. Na mnapochanganya maji ya mtoto, tangulizeni ya baridi ndipo mwongeze ya moto, kusudi mtoto akitumbukiza mkono kabla hamjamaliza asiungue.

Choo kilihesabiwa, bafu likasahauliwa

Jioni moja, kazi ilipokaribia kwisha, mama alinisimulia habari za mwaka 1973, alipokuwa msichana. Mwaka huo serikali ilifanya ile kampeni ya "Mtu ni Afya". Watu wapatao milioni mbili katika nchi nzima walikusanyika kwa makundi kando ya redio, wakasikiliza masomo, wakasoma vitabu, kisha wakaenda kufanya kwa mikono waliyoyasikia. Vyoo vingi sana vilichimbwa. Mama alisema kundi lao lilikutana chini ya mti, na redio ilikuwa moja kwa watu wote. Tangu mwaka 2017 tumesikia tena kampeni ya "Nyumba ni Choo", na vyoo vimehesabiwa nyumba kwa nyumba.

Nikamwuliza, "Mama, na bafu je? Mwaka 1973 mliambiwa nini juu ya bafu?" Akafikiri, akajibu, "Choo walikuja kukihesabu. Bafu hakuna aliyekuja kulihesabu."

Hapo ndipo nilipoelewa vema. Mambo yanayohesabiwa na wakubwa twayafanya, na mambo yanayotazamwa na wageni twayafanya. Lakini yale ambayo hayana mhesabu wala mtazamaji, ambayo anayeyajua ni mama mzee peke yake gizani, hayo twayaacha miaka minane. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilijenga ukuta, nikamwaga sakafu mara mbili, na mama alitangulia kulipa kwa mfupa wake.

Siku ya kufungua bafu jipya hatukuita jirani yeyote. Mama aliingia mwenyewe saa saba mchana, jua likiwa kali, akafunga mlango. Mke wangu akasimama karibu akijifanya anaanika nguo. Mimi nilikuwa nyuma ya zizi nikisikiliza kama mwizi. Tukasikia maji, kisha kimya, kisha maji tena. Alikaa humo muda mrefu kuliko nilivyotazamia. Alipotoka alikuwa amejifunga khanga safi na kichwa kimelowa. Akapita mbele yangu bila kusimama, akasema tu, "Lete maji mengine. Nataka kufua."

Zoezi la juma hili

Mimi nilisomea ualimu, siwezi kumaliza bila kutoa zoezi. Jioni moja juma hili, wewe baba wa nyumba, nenda kaoge mahali anapoogea mama yako au mke wako, saa ile ile anayooga yeye. Mkono mmoja ufunge kwa kitambaa shingoni kama aliyevunjika. Usiende na taa ikiwa yeye haendi na taa. Beba ndoo mwenyewe. Vua nguo, utafute pa kuitundika, jipake sabuni, simama kwa mguu mmoja uoshe wa pili, ujifute, uvae, urudi ndani ya nyumba.

Ukirudi salama na bila kuona aibu, bafu lako ni zuri, wala huna haja ya maneno yangu. Usiporudi hivyo, chukua daftari, andika majina ya watu wa nyumbani mwako, uanze na yule mwenye miguu dhaifu kuliko wote. Saruji itafuata.

Kwa herini mpaka juma lijalo.